Ndama wa Miguu Mitatu

Katika ngano zetu nyingi Fisi huchechemea. Msimulizi mmoja atawaambia alipigwa rungu kwa wizi wa nyama. Mwingine atasema aliteguka nyonga siku alipotaka kufuata njia mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu kila njia ilinukia mchuzi. Ni hadithi tamu zote, lakini Fisi wa porini haumwi chochote. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unateremka kuelekea mkiani, na hapo ndipo unapotoka ule mwendo wa kuyumba mnaoucheka.

Nimeanza naye ili nimweke kando. Leo, wajukuu wangu, ninataka kuwasimulia wanyama wanaochechemea kweli: ndama, mbuzi, ng'ombe wa maziwa. Fisi anatembea vile tangu utotoni hadi uzeeni. Mnyama mgonjwa, juzi tu alikuwa akirukaruka zizini.

Kwanza tuijue miguu yenyewe. Inameni, mikono chini, mtambae. Sasa inueni viganja, mbaki kwenye ncha za vidole. Mnaona inavyochosha? Sasa kunjeni vidole vingine vyote, vibaki cha kati na cha pete peke yake. Ng'ombe anatembea hivyo maisha yake yote, juu ya ncha za vidole viwili, na kwato zake ni kucha. Kile tunachokiita goti la mguu wa mbele, kwa mifupa yake, ni kifundo cha mkono. Kiwiko chake kiko juu, kimejibana kifuani. Kule nyuma, ile pembe inayochongoka katikati ya mguu ni kisigino, na goti halisi liko karibu na tumbo, limefunikwa na ngozi na misuli. Basi siku mtu akiwaambia ng'ombe wake ameumia goti, mwulizeni kwanza ni mguu wa mbele au wa nyuma.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazima wengi hawalijui. Mguu wa mbele wa ng'ombe haukuunganishwa na kiwiliwili kwa mfupa. Sisi tuna mtulinga, ule mfupa mnaoweza kuushika chini ya shingo, ng'ombe hana. Kifua chake kinaning'inia katikati ya mabega kwa misuli na kano tu. Na huko mbele ndiko uzito uliko: takribani asilimia 60 ya mwili hubebwa na miguu miwili ya mbele.

Mahali mifupa miwili inapokutana pana kazi nzuri sana. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, ile nyama ngumu nyeupe mnayoitafuna mwishoni mwa paja la kuku. Kiungo chote kimezungushiwa kifuko, na ndani ya kifuko mna ute kidogo, mwangavu, wenye rangi ya manjano hafifu. Ukiuweka kati ya kidole na kidole unavutika kama mlenda. Ute huo ndio unaofanya mfupa uteleze juu ya mfupa bila kusagana. Tena ndio unaolilisha gegedu, kwa sababu gegedu halina mishipa ya damu. Mkijikata kidole damu huleta kila kinachohitajika kwa ukarabati, na baada ya wiki mnasahau. Gegedu halina bahati hiyo. Likiliwa, mara nyingi limeliwa moja kwa moja.

Haya, sasa nawapa ndama. Nimembuni mimi, msiende kumtafuta, ila yaliyompata huwapata ndama wa kweli kila masika. Amezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kule ambako ng'ombe hapelekwi malishoni bali huletewa majani na mashina ya migomba bandani. Amezaliwa usiku, kwa hiyo jina lake ni Chausiku.

Alipokuwa tumboni, chakula na hewa vilimfikia kwa kupitia kiungamwana, ule mrija unaotoka kitovuni. Alipozaliwa ukakatika, ukabaki ukining'inia, umelowa. Ndani ya mrija huo mna mishipa ya damu, na mmoja wao unaelekea moja kwa moja kwenye ini. Kwa siku chache, mpaka kitovu kikauke, hiyo ni njia iliyo wazi kutoka sakafuni hadi ndani kabisa ya mwili. Na sakafu ya banda lile usiku ule ilikuwaje? Mvua ilikuwa imepiga siku tatu mfululizo. Samadi na mkojo vilikuwa vimechanganyika na matope. Chausiku alidondokea humo.

Hilo ni la kwanza. La pili linahusu kinga. Mama wa binadamu humpitishia mtoto sehemu ya kinga yake wakati angali tumboni. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga. Ndama huzaliwa akiwa hana kitu, na kinga yake yote inamngoja kwenye maziwa ya dang'a, yale mazito ya manjano yanayotoka mwanzo. Inambidi ayapate mapema, maana utumbo wake hupitisha kinga hiyo hadi kwenye damu kwa muda mfupi tu. Ndani ya saa 6 za kwanza hupitisha vizuri. Baada ya hapo uwezo huo hupungua saa hadi saa, na zikitimia saa 24 hata ukimpa ndoo nzima atapata shibe tu. Ndama wa kilo 30 anahitaji lita 3 hivi, na asisubiri jua lichomoze.

Wenye nyumba walimsikia ng'ombe akilia usiku. Wakasema, kesho. Asubuhi walimkuta ndama amesimama, amelambwa akakauka, wakamshukuru Mungu. Ng'ombe alikamuliwa, na maziwa ya dang'a yakaenda jikoni yakapikwa yakaganda, kwa sababu ni matamu sana na watoto wa nyumba ile waliyapenda. Siwalaumu watoto. Kuna nyumba nyingine ambako humwagwa kabisa kwa kudhaniwa ni machafu, na hiyo mimi naona ni mbaya zaidi. Chausiku alifika kwenye chuchu mchana, akanyonya kiasi.

Siku saba hakuna aliyeona kitu. Siku ya nane alilala zaidi kuliko kawaida. Siku ya kumi aliamka kwa miguu mitatu.

Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umekunjwa, ncha ya kwato inagusa chini kidogo tu. Kifundo kilikuwa kimevimba, na ukikishika kina joto. Jirani alipita akatazama akasema, "Amekanyagwa na mama yake huyo. Mfungeni kitambaa." Wakamfunga kitambaa. Kesho yake kisigino cha nyuma nacho kikavimba, upande wa pili. Na hapa, wajukuu wangu, ndipo kichwa kinapotakiwa kufanya kazi. Mama anaweza kukanyaga mguu mmoja. Je, alikanyaga na ule mwingine kesho yake, upande ule mwingine?

Bakteria walikuwa wameingia kwa kitovu. Kutoka kitovuni walipanda na mshipa, wakaingia kwenye damu, na damu ikawatembeza mwili mzima. Viungo huwanasa kirahisi, kwa sababu utando wa ndani wa kifuko una vijishipa vingi vyembamba. Wakishatua kwenye ute ule wa manjano, wanazaliana. Mwili wa Chausiku haukukaa kimya. Ulituma chembe nyeupe za damu kwa mamilioni, na chembe hizo hutoa kemikali kali za kuwaua bakteria. Tatizo ni kwamba kemikali hizohizo hula gegedu. Sehemu kubwa ya uharibifu katika kiungo kilichoambukizwa hufanywa na ulinzi wa mnyama mwenyewe. Ute hupoteza mvutano, unakuwa majimaji yenye ukungu, kisha usaha. Kifuko hujaa na kutanuka, na kila hatua inakuwa maumivu.

Ili muelewe maumivu hayo yanamnyima nini, siku moja kaeni mtazame ng'ombe mzima akiamka. Kwanza hukunja miguu ya mbele na kuegemea vifundo vyake. Halafu hurusha kichwa mbele, na kwa nguvu ya kichwa kile nyonga zinapanda juu, miguu ya nyuma inasimama. Kwa kitambo anabaki hivyo, nyuma juu, mbele amepiga magoti. Mwisho ndipo hunyoosha mguu mmoja wa mbele, kisha wa pili. Punda na farasi hufanya kinyume, huanzia mbele. Mbuzi na kondoo wanafuata desturi ya ng'ombe. Maana yake ni kwamba kila anapoamka, uzito mkubwa hutua juu ya vifundo viwili vya mbele, na hivyo ni miongoni mwa viungo ambavyo ugonjwa wa ndama wachanga huvishika mara nyingi.

Chausiku alifanya hesabu ambayo kila mnyama mwenye maumivu huifanya: kuamka kunauma, kulala hakuumi sana, basi nilale. Kwa kulala hakunyonya vya kutosha. Kwa kutonyonya alikosa nguvu ya kuamka. Mguu uliokunjwa siku nyingi huanza kubaki umekunjwa, kano za nyuma zinafupika na misuli ya bega inanyauka.

Kwa ng'ombe mkubwa hesabu hiyohiyo inamfikia mwenye mali mfukoni. Ng'ombe wa maziwa mwenye afya hulala saa 10 hadi 14 kwa siku, akicheua. Anayeumwa miguu hulala kupita hapo, au anasimama muda mrefu kwa kuogopa kule kushuka chini. Hufika horini wa mwisho, akala majani yaliyoachwa na wenzake. Maziwa hupungua. Hata joto lake la kutaka dume halionekani, kwa sababu ng'ombe jike aliye tayari huwapanda wenzake au husimama apandwe, na mwenye kisigino kibovu hafanyi mojawapo. Mwaka unapita bila ndama, na watu wanasema ng'ombe tasa.

Lakini mbona hakuna aliyeona mapema? Kwa sababu ng'ombe ni kitoweo cha simba, na anajua. Kwa vizazi vingi sana aliyeonekana kubaki nyuma ndiye aliyeliwa, hivyo waliobaki hadi leo ni watoto wa wale walioficha maumivu vizuri. Ng'ombe akichechemea waziwazi mbele yenu, jueni ameshindwa kuficha.

Zipo alama za kumkamata kabla ya hapo, na macho ya watoto ni mazuri kuliko yangu kwa kazi hii. Mguu wa mbele ukiuma, tazama kichwa. Kila mguu mgonjwa unapogusa ardhi, kichwa hupanda, kwa sababu anataka kuuondolea uzito. Mguu mzima unapokanyaga, kichwa hushuka. Wengi hudhani ni kinyume, wanatibu mguu usiouma! Kwa miguu ya nyuma, tazama mgongo. Ng'ombe mzima akisimama au akitembea mgongo wake umenyooka. Ukiwa umenyooka akisimama lakini unapinda kuelekea juu anapotembea, kuna kitu kinaanza. Ukipinda hata akisimama, kimeshakolea. Na hatua: mnyama mzima hukanyaga kwato ya nyuma karibu kabisa na pale ya mbele ilipotoka. Ardhi ikiwa na matope kidogo, nyayo zitawaonyesha hatua zilizofupika.

Bwana mifugo alipofika kwa Chausiku hakuanza na goti. Alimlaza ubavu akashika kitovu. Kilikuwa kinene, kigumu, kimelowa usaha. Akachukua joto: nyuzi 40.6, na ndama mwenye afya hazidi 39.5 hivi. Akanyoa manyoya juu ya kifundo, akasafisha ngozi, akaingiza sindano na kuvuta ute. Ulitoka umechafuka, haukuvutika hata kidogo. Baada ya hapo ikawa kazi ya siku nyingi. Alimchoma antibiotiki kila siku, si mara moja na kuacha. Alimpa dawa ya kupunguza maumivu, maana ndama asiyeumia huamka kunyonya. Viungo vikaoshwa kwa sindano na maji safi ya chumvi ya hospitalini ili kutoa usaha. Nyasi kavu zikatandikwa nene.

Mwenye nyumba alikuwa ameshanoa kisu apasue uvimbe. Bwana mifugo alimzuia, nami namshukuru. Uvimbe wa kiungo si jipu la mgongoni. Ukiupasua umewafungulia bakteria wapya chumba ambacho hakitakiwi kufunguliwa, na ule ute uliobaki unamwagika. Wapo pia wanaochoma kiungo kwa chuma cha moto, desturi ya zamani katika jamii nyingi za wafugaji. Kwa mtazamo wangu mnyama anayechomwa chuma hupata maumivu ya pili juu ya yale ya kwanza, na ugonjwa uko ndani, chuma kimeishia kwenye ngozi.

Chausiku alipona kisigino. Kile kifundo cha mbele hakikupona. Kilikuwa kimechelewa siku kadhaa chini ya kitambaa, gegedu likaliwa, mifupa ikaota na kuungana, na mguu ukabaki hauwezi kukunjwa. Ndama huyu ni wangu wa kubuni, ningeweza kumponya kabisa kwa sentensi moja. Sitaki, kwa sababu wa kweli hawaponi hivyo. Alikua, akapata ndama wake, lakini mpaka mwisho aliamka kwa kuutupa mguu ule pembeni, akijisukuma ukutani.

Ndama aliyemfuata katika banda lile alidondokea kwenye nyasi kavu. Kitovu chake kilichovywa kwenye kikombe cha iodini, ile kali ya asilimia 7, kabla hajasimama, na lita zake za dang'a zilikuwa tumboni kabla ya jogoo wa kwanza. Watoto wa nyumba ile walikunywa uji.

Mpaka hapa mnaweza kudhani nimewapa kanuni: mtoto wa mnyama apewe dang'a la mama yake, basi. Subirini niwaletee mbuzi.

Wasomaji wa Meru kule Kenya wanawajua mbuzi wa Toggenburg, wale wa kahawia wenye mistari myeupe usoni, ambao asili yao ni Uswisi. Wasomaji wa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, wanawajua mbuzi wa maziwa wenye damu ya Norwe. Mbuzi wa namna hiyo wanatoa maziwa ambayo mbuzi wetu wa kienyeji hawawezi kuyafikia. Lakini mwaka 1974 wataalamu wa mifugo katika jimbo la Washington, Marekani, walieleza ugonjwa wa ajabu wa mbuzi wa maziwa: vitoto vya miezi michache vinapooza miguu ya nyuma. Kwa mbuzi wakubwa ugonjwa huohuo huvimbisha magoti. Mwaka 1980 kisababishi kilipatikana. Ni kirusi, tena ni cha ukoo mmoja na VVU vinavyoleta UKIMWI, ingawa hiki cha mbuzi hakimwambukizi binadamu.

Kirusi hiki hakina haraka. Mbuzi wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi kitu kamwe. Wengine, wakishakomaa, vifundo vya mbele huanza kujaa, kwa miezi hata miaka, mpaka mbuzi anakula majani akiwa amepiga magoti. Na mbuzi, mnajua, chakula chake kizuri kiko juu. Husimama kwa miguu miwili ya nyuma, akaweka ya mbele kwenye shina la mgunga, akachuma majani ambayo kondoo huyaona kwa macho tu. Mbuzi mwenye ugonjwa huu hupoteza kwanza uwezo huo. Anabaki na nyasi za chini, na anakonda penye majani mengi.

Sasa kirusi hupitia wapi kutoka kwa mama hadi kwa mtoto? Zaidi ya yote, kwenye dang'a na maziwa. Kilekile ambacho kingemwokoa Chausiku ndicho kinachompa mwanambuzi goti bovu miaka mitatu baadaye, siku ambayo hakuna anayekumbuka alinyonya nini. Hakuna chanjo na hakuna dawa. Kuanzia mwaka 2001 wafugaji wa Norwe waliamua kukiondoa nchini kwao. Walisimama na taulo pale mbuzi anapozaa, wakakidaka kitoto kabla mama hajakilamba, wakakipeleka banda jingine na kukilisha dang'a la ng'ombe. Kundi la zamani likaondolewa, mabanda yakasafishwa, kundi jipya likaanza. Mahali pengine hupasha dang'a la mbuzi moto wa nyuzi 56 kwa saa nzima, kirusi kinakufa na kinga inabaki. Moto ukizidi hapo, dang'a linaganda.

Kenya kirusi hiki kilishaonekana miaka ya 1980, kwa mbuzi waliotoka nje na wale waliochangamana nao. Hivyo anayenunua beberu wa kigeni kwa fedha nyingi ana haki ya kuomba kipimo cha damu kabla ya kumfungua kamba zizini.

Hadithi moja ya baharini, kisha tutamaliza. Katika kisiwa cha Malta, kwenye bahari ya Mediterania, wanajeshi na mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakiugua homa inayokuja na kuondoka, na viungo vinauma hadi mtu hawezi kujigeuza kitandani. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alitangaza kwamba amekigundua kijidudu cha homa hiyo. Ni Bruce huyohuyo aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale. Lakini kijidudu kilitoka wapi? Miaka ilipita. Mwaka 1905 Mmalta mmoja, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi wa kisiwa kile, waliokuwa wakipita mlango kwa mlango na kukamuliwa hapohapo. Walikuwa wazuri, wanono, hawachechemei. Na walikuwa wamebeba ugonjwa. Mwaka uliofuata wanajeshi walikatazwa maziwa yale mabichi, na homa ikaporomoka.

Ugonjwa huo tunao. Unaitwa bruselosi, na wafugaji wetu huujua zaidi kwa kutupa mimba. Kwa ng'ombe wa Afrika waliokaa nao muda mrefu, mara nyingi huacha alama: mfuko wa maji mbele ya goti la mguu wa mbele, mkubwa, laini, ambao hauonekani kumsumbua mnyama sana. Watu huuzoea. Wengine huutoboa wauone unavyopungua, na maji yale yanaweza kuwa na bakteria wengi ajabu. Msiuguse. Na mtu wa nyumba hiyo akiwa na homa isiyokwisha, jasho la usiku na maumivu ya mgongo na viungo, akatibiwa malaria mara mbili bila nafuu, mwambieni daktari kwamba nyumbani kuna ng'ombe mwenye mfuko gotini na maziwa hunywewa bila kuchemshwa. Ng'ombe na mwenye ng'ombe wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja.

Si kila anayechechemea anaumwa kiungo. Ng'ombe wa homa ya siku tatu huumwa mguu huu leo, ule kesho, kisha akanyanyuka akaenda kula. Wa chambavu huvimba kwenye msuli wa paja au bega, ukibonyeza ngozi hutoa mlio wa kukwaruza, na mara nyingi hafikishi siku ya pili; huyo alihitaji chanjo, si kitambaa. Ndama mwenye magoti yaliyovimba katika kijiji chenye homa ya mapafu ya ng'ombe huenda anaumwa hiyohiyo, maana kwa wadogo hushuka kwenye viungo. Nguruwe mwenye viungo vigumu na mabaka mekundu ya pembe nne ngozini msimchinje mkiwa na vidonda mikononi. Kuku wa nyama huvimba kisigino kwa vijidudu, na kwa uzito wa kilo zilizokuja kabla ya mifupa kukomaa. Na maksai mzee wa Usukuma aliyevuta plau misimu mingi, yeye hana kijidudu chochote; viungo vyake vimefanya kazi vikachakaa, apewe kazi fupi na mapumziko marefu.

Haya, kitendawili! Ndama wa juma moja. Vifundo vyote viwili vya mbele vimevimba, vina joto, na anakataa kuamka. Mwenye ndama anasema aliteleza kwenye mawe jana. Jirani ameshika kisu. Mmekuja ninyi wawili, hamna dawa, hamna sindano, mna macho na mikono na maswali matatu tu ya kumwuliza mwenye ndama. La kwanza lipi?